Zeze si Fidla ya Kienyeji

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, naanza kwa kukiri kosa, maana anayekusudia kuwashtaki wenziwe hana budi kujishtaki kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilitunga shairi la kumkumbuka babu yangu, aliyechunga ng'ombe katika nyanda za Kahe, huku chini ambako maji ya Kilimanjaro huibuka katika chemchemi za Miwaleni. Mshororo wa kwanza ulisema hivi:

Babu kashika zumari, ng'ombe wanasikiliza.

Mizani ilitimia, minane kwa minane. Kina cha kati kilinifungulia mlango wa safari, habari, fahari na jabari, nami nikaingia kwa furaha. Shairi likasomwa, likasifiwa. Kisha nikalipeleka nyumbani, nikalighani mbele ya shangazi yangu, binti wa huyo babu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza: "Baba, zumari ndiyo nini?"

Nikamweleza kwa ufasaha wote nilionao. Nikamwambia kuhusu chombo cha mti kilichotanuka mdomoni, chenye kipande cha jani kinachotetema kati ya midomo ya mpigaji, kinacholia kwa ukali katika ngoma za Unguja na Pemba. Shangazi akacheka, wala si kwa ubaya. "Baba yangu hakuwa na kitu hicho. Yeye alikata tete mtoni, akalitoboa kwa msumari wa moto. Nalo lilikuwa na jina lake." Akalitaja jina hilo kwa Kikahe, mara moja tu, kama mtu anayemtaja jirani aliyehama. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la Moshi, sikuliandika. Niliporudi kuuliza, shangazi hakuwapo tena wa kuulizwa.

Tazameni ukubwa wa kosa. Tete la babu lilikuwa filimbi: pumzi hupigwa ukingoni mwa tundu, ikakatika, ikalia. Zumari halilii hivyo hata kidogo. Nilimvika marehemu chombo ambacho hakukishika maisha yake yote, kwa sababu kiliishia kwa -ri. Wala siwezi kuisingizia arudhi, kwa kuwa ukweli nao ulikuwa na mizani yake:

Babu kapuliza tete, ng'ombe wanasikiliza.

Minane kwa minane, na vina vya -te si haba katika Kiswahili. Ulikuwa uvivu. Nililitaka neno lenye harufu ya ushairi, nikaliacha neno lenye harufu ya mto.

Ningelizika kosa langu kimya kimya kama nisingelikutana nalo tena likiwa limevaa koti la ualimu. Hivi karibuni nilihudhuria mafunzo ya siku chache mjini Moshi, yaliyotangazwa kuwa ya ala za asili. Waandaaji siwataji, maana kosa lao ni letu sote, na nia yao ilikuwa njema. Tulikuwa walimu wa shule, wanakwaya, wapiga matarumbeta wa usharika, vijana wa bendi, na mzee mmoja mpiga zeze aliyealikwa kutoka Dodoma. Tuligawiwa karatasi za masomo. Sehemu ya kwanza iliitwa "Fidla ya Kienyeji". Ya pili iliitwa "Ala za Upepo za Mbao".

Mzee akaombwa apige. Kabla hajafika mbali, mkufunzi, kijana hodari wa fidla, akatoa simu yenye programu ya kupimia sauti, akaiweka karibu na zeze. Kishale kikayumba. "Mzee, nyuzi zako zimepotoka," akasema kwa adabu. Mzee akakaza hapa, akalegeza pale, mpaka kishale kikatulia katikati. Watu wakapiga makofi. Kisha akaombwa aimbe. Akaanza, akasita, akaanza tena, akauteremsha uta magotini. "Sasa hili haliimbi na mimi," akasema. Akazirudisha nyuzi mahali pake kwa sikio lake, akapiga na kuimba, na simu ikazimwa.

Hoja yangu yote imo katika sentensi hiyo ya mzee, ila nitaifafanua kwa wale watakaosema kuwa huu ni ugomvi wa majina matupu.

Nianze na hizo "ala za upepo za mbao". Yeyote mwenye sikio la Kiswahili atatambua kuwa jina hili halikuzaliwa katika Kiswahili; limehamishwa neno kwa neno kutoka lugha nyingine, na hata katika lugha hiyo ni jina la mazoea. Saksafoni ni ya shaba, lakini wataalamu huihesabu katika kundi hilo, kwa sababu sauti yake hutokana na kipande cha tete kinachotetema. Mtoto wa Kahe anayekata bua la jani la mpapai, akalichana upande mmoja na kuliliza mpaka mama yake amfukuze jikoni, hana mbao yoyote mkononi, naye ni ndugu wa mpiga saksafoni kuliko anavyodhani.

Jambo la maana ni namna pumzi inavyofanywa kuwa sauti, na hapo njia ni tatu. Ya kwanza ni pumzi kukatwa na ukingo: ndivyo ilivyo filimbi ya kawaida, nai ya taarabu, na chivoti, filimbi ya Wadigo inayoshikwa kwa ubavu. Ya pili ni pumzi kutetemesha jani au tete: hapo ndipo lilipo zumari, na ndipo lilipo bua la mpapai. Ya tatu ni midomo yenyewe kutetema: hapo imo mbiu ya pembe, limo baragumu, imo siwa, na limo tarumbeta la usharika. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Wala ubao hauwi sharti, wala shaba haiwi sharti. Mababu waliotuachia maneno mbiu, baragumu, siwa, zumari na filimbi hawakuyapanga katika jedwali, lakini walisikia tofauti na kila sauti wakaipa jina lake. Sisi wenye majedwali tumeyakusanya yote katika fungu moja na kuliita upepo.

Kosa hili halikuanza kwa mkufunzi wa Moshi. Upo msemo mashuhuri, unaorudiwa katika vitabu na hotuba, kwamba ikipigwa Unguja watu wa maziwa makuu hucheza. Ikipigwa nini? Mmoja ataandika zumari, mwingine filimbi, na hakuna mhariri anayeshtuka. Badili hivyo majina ya samaki wawili mbele ya mvuvi, au aina mbili za ndizi mbele ya mama wa Kimachame, uone kama utaachwa umalize sentensi. Kwa ala za muziki tunaachiana, kwa sababu wengi wetu tunazijua kwa macho ya kusoma na si kwa masikio.

Sasa nije kwa zeze. Neno hili lina nyumba mbili. Kuna zeze la ubao mwembamba lililofungwa kibuyu, lenye vinundu vya kubonyezea uzi, linalodonolewa kwa vidole. Na kuna zeze la Wagogo, lenye mpini uliochomekwa katika kibweta cha sauti, linalosuguliwa kwa uta. Ni vyombo viwili tofauti kwa umbo na kwa namna ya kuvipiga. Anayeandika "fidla ya kienyeji" amekifuta kimoja kabisa, na cha pili amekifanya mtoto wa kambo wa chombo kilichotoka Ulaya. Wajaluo wana orutu na Waganda wana endingidi, zote za uzi mmoja na uta. Je, nazo ni fidla za kienyeji? Na kama ukoo ni huo, mbona hatujamsikia mtu akiiita fidla zeze la Ulaya? Neno "kienyeji" humwangukia mmoja tu kati ya ndugu hawa, kama vile wengine hawakuzaliwa mahali popote.

Jina hilo lina matokeo, na matokeo yake ndiyo kile kishale cha simu. Ukisharidhika kuwa zeze ni aina ya fidla, unaipa simu haki ya kulihukumu. Simu ile imefundishwa ngazi ya sauti kumi na mbili zilizogawanywa sawasawa, kama za kinanda. Muziki wa Wagogo haukujengwa juu ya ngazi hiyo. Uzi mmoja ukitetema haulii sauti moja: hutetema mzima, hutetema nusu kwa nusu, theluthi kwa theluthi, robo kwa robo, na kila mgawanyo una sauti yake ndani ya sauti kuu. Watafiti wa muziki wa Afrika, akiwamo Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba sauti za Wagogo hufuata utaratibu huo wa maumbile. Sauti ya saba katika utaratibu huo haimo katika kinanda. Huangukia chini kidogo ya ufunguo ulio karibu nayo. Basi kishale kilipoyumba, zeze halikuwa limepotoka. Lilikuwa mahali pake hasa, pale linapokutana na koo la mwimbaji. Kulisawazisha kulilitenga na koo hilo, ndiyo maana mzee akasema haliimbi naye.

Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo na kufariki huko mwaka 2003, alilipeleka zeze katika majukwaa ya mbali, na albamu yake Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Waliomshangilia huko walimshangilia kwa sauti aliyotoka nayo Ugogo. Ni ajabu kwamba zeze lipate heshima hiyo ugenini, kisha lije kuambiwa limepotoka katika nchi lilikozaliwa.

Malenga, fikirini kama jambo hili lingetupata sisi. Fikirini mtu anakuja na kipimo cha ushairi wa kigeni, kinachohesabu mikazo ya sauti na si silabi, anakiweka juu ya tungo za Muyaka, kisha anatangaza kuwa zina makosa. Tungemcheka. Na tungemcheka kwa nini? Kwa sababu tuna maneno. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Unaweza kugombana na sheria zake, na wengi wamegombana nazo tangu enzi za mjadala wa mashairi huru mpaka leo. Lakini hata anayezikataa huzikataa kwa maneno yale yale: mizani, vina, ubeti, mshororo, kituo. Hakuna mwalimu wa shule aliyelazimika kuwaambia wanafunzi kwamba ubeti ni kitu fulani cha kienyeji. Ushairi uliingia darasani na msamiati wake mkononi, kwa hiyo ukaingia kama mwenyeji.

Ala zetu hazijapata Amri Abedi wao. Wapo wapigaji, wapo waundaji, yapo na mafunzo. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi tangu 2002. Upungufu ni kitabu kidogo, hata cha kurasa hamsini, kinachosema: hiki katika zeze huitwa hivi, huku kukaza huitwa hivi, na sauti hii ikilia vibaya wapigaji husema hivi. Maneno hayo yapo. Yamo vinywani mwa wanaozipiga, kwa Kigogo, kwa Kidigo, kwa Kikahe, kwa Kiswahili cha Pemba. Hayajaandikwa kwa sababu wenye kalamu, yaani mimi na wewe, hatukwenda kuuliza. Tulikuwa tunatafuta vina.

Nitaambiwa, kwanza, kwamba mimi ni mshika usafi wa lugha. Sivyo. Zumari lenyewe jina lake limetoka kwa Waarabu, na Kiswahili kimekuwa lugha ya bandari tangu hapo. Fidla nayo simchukii mgeni huyu. Ameingia katika taarabu, klabu ya Ikhwani Safaa ikiwapo tangu 1905. Ameingia katika kidumbak cha Unguja, akaketi pamoja na sanduku la uzi mmoja na vigoma vidogo, akajifunza kulia kama wenyeji wanavyotaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini angalieni: fidla alipokuja, tulimpokea kwa jina lake. Hatukumwita zeze la kigeni. Naomba zeze litendewe nyumbani kwake kama tulivyomtendea mgeni wetu.

Nitaambiwa, pili, kwamba mafunzo yenye kasoro ni bora kuliko kukosa mafunzo, na kwamba wazee wanaondoka huku sisi tukibishana juu ya istilahi. Hoja hii naiheshimu, kwani nami nimechelewa kwa shangazi yangu. Lakini haraka ndiyo sababu ya kuanza na maneno, si sababu ya kuyaruka. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza bigwala, pembe za vibuyu za Ufalme wa Busoga nchini Uganda, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Pembe hizo hupigwa kwa kundi. Kila moja ina sauti yake, na wimbo hujengwa kwa kupokezana. Mpigaji mmoja peke yake hana wimbo. Ukizifundisha kama "matarumbeta ya vibuyu" utapata vijana watano wanaojua kupuliza, kila mmoja na la kwake. Kinachowafunga pamoja ni mafundisho ya nani aanze, nani ajibu, nani anyamaze, na mafundisho hayo husafiri ndani ya maneno. Chombo unaweza kukichonga upya kutoka katika picha. Neno halina picha.

Nitaambiwa, tatu, kwamba hii ni kazi ya mabaraza ya lugha na wanamuziki, si ya washairi. Basi na tuache kulitaja zeze! Nani amelitumia neno hilo kuliko sisi? Hesabuni mazeze na mazumari yaliyomo katika mashairi ya mapenzi peke yake. Zeze letu halina nyuzi ngapi, halina uta, halina mtu aliyelikaza. Linalia tu, kwa hisani ya kina. Tumekula sana katika sahani hii bila kumjua aliyepika. Na mkufunzi wa Moshi, alipolichukua zeze kuwa pambo lisilo na sheria zake, amejifunza wapi kama si kwetu?

Basi natoa madai, nami naanza kujidai mwenyewe. Mshairi asiliandike jina la ala ambayo hajapata kuisikia ikipigwa. Na kama ameisikia, aseme japo jambo moja la kweli juu yake. Anayeendesha mafunzo ampe mpigaji mzee saa ya kwanza, si ya kupiga, bali ya kutaja: achukue chombo, aguse kila sehemu, aseme jina lake kwa lugha yake, na vijana waandike. Simu na ziwepo, lakini kazi yake ya kwanza iwe kurekodi, kupima kuje baadaye, tena kwa idhini ya mwenye chombo. Na wewe msomaji, kabla ya Krismasi hii kukurudisha kijijini pamoja na maelfu wanaopanda Kilimanjaro kila Desemba, chukua daftari. Muulize mzee wako alipuliza nini alipokuwa mchungaji, kiliitwaje, na kilitobolewa kwa nini. Andika hapo hapo, hata kama gari linapiga honi.

Lile shairi langu nimelifuta. Nimeanza jingine, na ubeti wake wa kwanza nauweka hapa kama rehani ya deni nisiloweza kulilipa lote:

Babu kapuliza tete, ng'ombe wanasikiliza,
Hakutafuta apate, sifa za kujitangaza,
Jina na tulifuate, wazee kuwauliza,
Neno lisife na mate, pasi wa kulieneza.

Mwenye kulijua jina la tete hilo kwa Kikahe, kutoka kwa baba au babu yake, naomba anitumie. Nitaupanga ubeti upya kwa ajili yake, hata kama kina chake kitanitoa jasho.